Ng'ombe Ndani ya Simu

Siku niliyoletwa Changamwe nikiwa bi harusi, mtu wa kwanza kunisalimu alinipigia kelele hata nikadhani nimeshamkosea kabla sijatua sanduku. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, amejifunga kikoi na fulana nyeupe, amesimama mlango wa pili kutoka wetu. "KARIBU MWANANGU! HAPA MAJI HUJA ALFAJIRI, USILALE SANA!" Mume wangu akacheka. Akaniambia huyo ni Jirani, usimwogope, amefanya kazi kiwanda cha misumari. Kwa watu wa Changamwe maelezo hayo yatosha. Mimi niliyetoka Shika Adabu, ng'ambo ya feri, ambako mtu akipaza sauti ujue kuna msiba au nyoka, ilinibidi nijifunze.

Kiwanda chenyewe kilishafungwa. Waliobaki ni watu wake, na hao utawatambua popote: huongea kwa mikono, na mikono ikichoka hupaza sauti. Mashine zile zilikata waya na kugonga vichwa vya misumari mchana kutwa, na kila siku zikachukua kidogo katika masikio ya mtu. Sauti nyembamba ndizo huenda kwanza. Ndege, birika likichemka, watoto wakiita, simu ikilia, hizo Jirani alikwisha kuagana nazo zamani. Nene zilibaki. Trela likipanda kutoka Kipevu alilisikia kabla yetu sote, lakini ukimwita kwa sauti ya kike mgongoni hageuki. Na ole wako umwambie hasikii. "Nasikia sana," alikuwa akisema. "Nyinyi watu wa siku hizi ndio mwanong'ona."

Basi alikuwa hana siri. Akitaka kukwambia jambo la faragha alikuvuta kando, akakuinamia, akafunika mdomo kwa kiganja, kisha akapiga ukelele. Ndivyo ploti nzima, wapangaji wote wa ua mmoja, ilivyojua kwamba anaumwa na mshipa, kwamba marehemu mkewe alikuwa akimfunga kila wakicheza bao, na kwamba hampendi hata kidogo yule kaimu wa mwenye nyumba. Sisi nasi tulijifanya hatukusikia. Mwanamke anayefua akazidisha kufua, anayepepeta mchele akazidisha kupepeta. Huo ndio uungwana wa kukaa ploti, kusikia kila kitu na kujua kidogo.

Sasa chumba chake amepanga kijana mpole, afunga mlango taratibu, hata salamu yake ni ya chini. Hana kosa lolote yule kijana. Lakini wallahi simpendi.

Jirani alikuwa Mduruma wa huko juu upande wa Kinango, amekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, na alikuwa na ukaidi wake katika hilo. Maziwa hakunywa. Mtu mfugaji, na chai yake ya rangi siku zote. Nilipomuuliza alisema maziwa aliyanywa utotoni, huko huko malishoni, mdomo kwenye chuchu ya ng'ombe, na haya ya pakiti yanamtazama vibaya. Nyama alikula, tena kwa furaha, ila hakununua bila kumuuliza mwenye bucha ng'ombe yule alikuwa wa rangi gani. Mwenye bucha alichoka naye. Siku moja nilikuwepo akamjibu, "Mzee wangu, alikuwa rangi ya nyama." Jirani akaondoka bila kununua, akala maharagwe wiki nzima kwa hasira.

Na lori la ng'ombe likipita barabara kuu, alisimama. Aweza kuwa katikati ya hadithi, aweza kuwa na deli la maji mkononi, atalitua. Huweka kiganja kifuani mpaka lori lipotee kwenye vumbi la malori mengine. Watoto wa ploti walimwiga, wakawa nao wasimama. Hakuwakemea, alidhani wamefunzwa adabu kwao.

Muziki kwake ulianza na kinanda kidogo cha mitumba alichokinunua sokoni Kongowea, vitufe vingine vimekufa. Alikuwa akikipiga baada ya kazi, mkewe alipokuwa hai, nyimbo za kanisani na za harusi, na palipo na kitufe kibovu aliimba mwenyewe. Kisha bintiye aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni akamletea simu kubwa, na ndani ya simu Jirani akavumbua programu ya kutengenezea muziki. Mzee wa watu, miwani puani, kidole kimoja kinene kikigusa kioo kama anayepima chai isimchome. Tulidhani ni mchezo wa kupitisha uzee. Baadaye tukaona halali mchana, na kila kitu tulicho nacho anakiazima.

Aliazima vifuu vyangu viwili vya nazi, akavigonga pamoja kwenye sakafu, vikawa kwato. Aliazima chupa tupu ya soda, akapuliza mdomoni mwake, kisha akaurefusha mpulizo ule ndani ya simu mpaka ukawa upepo wa nyika. Sauti za ng'ombe alizitoa mwenyewe. Kwa kuwa chumbani malori yalimwingilia, alijifungia bafuni, ambamo kuta zina mwangwi mzuri, na huko akalia kama ndama, akalia kama fahali, akalia kama ng'ombe aliyezaa juzi. Bafu la ploti ni moja. Watu wamejipanga nje na taulo begani, asubuhi wanachelewa kazini, na ndani mzee analia "mooo" na kujirudia kwa sababu ya kwanza haikumridhisha. Mume wangu alirudi safari ya Malaba siku mojawapo alfajiri, akaniuliza ni lini mwenye nyumba alianza kuruhusu mifugo.

Nilicheka nami. Nilicheka mpaka siku aliponivuta kando nikianua nguo na kunipigia kelele siri iliyozishinda zote.

Walikuwa wawili tu kwa mama yao, yeye na kaka yake. Mdogo alishuka Mombasa kutafuta kazi, mkubwa akabaki na ng'ombe. Mshahara wa misumari, kila ulipobakiza kitu, ulipanda juu ukawa ndama. "Walikuwa wangu kwa jasho," aliniambia, "na wake kwa maisha." Kisha ukaja ule ukame ambao sisi wa mjini tuliujua kwa bei ya unga. Ng'ombe wakaanza kuanguka. Kaka akawainua kwa mikono yake, akawakatia majani ya miti, akawapa maji ya kunywa ya nyumbani. Wakaisha. Siku alipoanguka wa mwisho kaka akaketi mlangoni pa zizi, akanyamaza. Akipewa chakula ala, akiambiwa alale alala, lakini neno hatamki, si kwa mkewe, si kwa mganga, si kwa mchungaji wa kanisa aliyekuja kumwombea.

Jirani alikwenda kumwona, wakakaa pamoja kando ya zizi tupu siku kadhaa. "Masikio yangu nayajua, mwanangu," alisema, na hiyo ndiyo mara moja tu niliyomsikia akikiri. "Basi nilikaa nikimtazama midomo. Nilikuwa naogopa pengine anaongea, ila ni mimi nisiyesikia."

Nikaacha kuanua nguo. Nilijaribu kusema pole, nikakumbuka hata pole itabidi niipigie kelele.

Kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, ni kuwaitia balaa. Jioni wakirudi, mwenye zizi husimama mlangoni, akafumba macho, akasikiliza kengele zinavyopita. Kila ng'ombe ana kengele yake ya bati shingoni na mwendo wake wa kuitikisa, na wanaingia kwa zamu ile ile kila siku, kiongozi mbele, mvivu nyuma. Ikikosekana kengele moja, mwenye zizi amjua aliyebaki porini na ajua hata tabia yake, arudi kumfuata wapi. Jirani na kaka yake walisimama pale tangu wakiwa watoto, bega kwa bega, macho yamefumbwa. Ndicho alichokuwa akikitengeneza ndani ya simu: ng'ombe wale wote, mmoja mmoja kwa kengele yake, wanarudi jioni na kupita mlangoni. "Nitawapitisha tena," alisema. "Kaka akiwasikia, atasema neno. Hata likiwa moja."

Alipomaliza hakuupeleka. Aliogopa. Alisema dawa hupimwa kabla mgonjwa hajapewa, kwa hiyo ataupima muziki wake kwa masikio ya watu kwanza. Akautuma kwenye simu za ploti nzima, akautuma kwa wazee wenzake wa misumari, akauweka hata kwenye mtandao kwa walimwengu. Kisha akaanza kukusanya majibu, na hapo ndipo alipokuwa mtu mgumu kuishi naye.

Maana sisi watu wa pwani tuna ulimi mtamu. Mtu akikuonyesha kazi yake, wasema mashaallah, nzuri, imetulia, Mungu akuzidishie, na unaendelea na safari yako. Jirani hakutaka. "'Nzuri' ni jibu la mgeni aliyepewa chai isiyo na sukari," alisema. Akamkumbusha kila mmoja kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Swali lake lilikuwa moja, naye aliliuliza kila mahali, dukani, kwenye foleni ya maji, mtu ametoka chooni: "UMEONA NINI?" Si umesikia nini. Umeona nini.

Mvuta mkokoteni wa maji alikiri kwamba ulimpatia usingizi hata hakufika katikati. Tulidhani mzee atakasirika, kumbe alimkumbatia. Mchungaji hulala mchana, alisema, ng'ombe wakishiba hata jua hulala. Mama wa Kitui, aliyepanga chumba cha mwisho, aliusikiliza akiwa anakuna nazi, akaacha mbuzi ya kukunia, akajifuta macho kwa kanga. "Mzee, mimi nimeona baba yangu," alisema. "Anafunga mbuzi zake na kamba, mvua inakuja." Tangu siku hiyo Jirani akawa anamtekea maji, na mama wa Kitui akawa hajui alipie vipi wema huo.

Vijana wa kinyozi walikuwa na rai yao. Mkubwa wao, kijana wa bara, alimpigia mzee saluti. "Buda, hii kitu ni moto. Lakini biti iko wapi? Weka ngoma basi, watu waruke."

"Ng'ombe akiruka ana kupe," Jirani akamjibu.

Lakini alikwenda nyumbani akaiweka ngoma, kwa kuwa aliahidi kusikiliza kila mtu. Siku tatu ploti ilitikisika. Kisha akaitoa, akamrudia yule kijana kumweleza kwa heshima zote kwa nini ameitoa, na yule kijana, ambaye alishasahau, akabaki ameshika mashine ya kunyolea hewani na mteja kichwa nusu.

Ustadhi wa watoto wetu alisema hana neno juu ya ng'ombe, viumbe wa Mwenyezi Mungu, ila muziki usilie wakati wa adhana. Jirani hakuwa Mwislamu, lakini hilo alilishika kuliko Waislamu wengi niwajuao. Kwa kuwa adhana za mbali hakuzisikia, aliniomba nimwashirie kwa mkono.

Na kutoka mtandaoni kuna mtu wa nchi za mbali aliyeandika kwa lugha yake, simu ikatafsiri, kwamba amempigia muziki huo mtoto wake mchanga na mtoto amelala. Jirani alitaka kumwandikia amuulize jina la mtoto. Wengine wa huko waliacha alama ya dole gumba tu. Hiyo ilimwudhi. "Dole! Nimempa ng'ombe mzima, yeye kanipa dole!"

Katika majibu yote hayo kuna moja ambalo hakuna aliyelitoa, na kila mtu alilijua. Kengele zilikuwa zinatoboa sikio. Muziki ulianza vizuri, upepo, kwato, kishindo cha wanyama wakubwa wakitembea pamoja, hata mimi nisiyejua ng'ombe nilijikuta nimetulia. Kisha zikaja kengele. Yeye hakuzisikia. Alizipandisha mpaka akaanza kuzihisi kidogo, na hapo alipoanza kuzihisi yeye, paka wa ploti alikuwa ameshapanda juu ya paa. Watu walijua pa kuukatia. Zikikaribia, mtu huteremsha sauti ya simu, akasubiri kidogo, kisha husema mashaallah. Mama wa Kitui aliyelia alikuwa amelia kabla ya kengele.

Sikuweza kunyamaza. Mimi nina mdomo, mama yangu alinionya tangu utotoni kwamba msema kweli hana wajoli, hana rafiki. Lakini nilimwona akinunua salio ili aupeleke muziki kwa kaka yake, yule mtu ambaye kengele ndiyo lugha yake, na nikafikiria sauti ile ikimwingia kichwani. Aliponikuta barazani alasiri na kuniuliza umeona nini, nilivuta pumzi.

"Nimeona misumari, Jirani."

Akaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti, nikagusa sikio langu, nikamwonyesha kwa kidole jinsi zinavyoingia. Akaingia ndani, akafunga mlango, na siku zilizofuata hakuonekana ila kwenye foleni ya maji. Majirani walininunia kidogo. Mama wa Kitui aliniambia, "Wewe ungenyamaza tu, mzee wa watu."

Alitoka mwenyewe, na kigoda. Akakitua mbele yangu. "Basi nisikilizie wewe," alisema, kwa ukelele wake ule ule.

Tukawa hivyo kila nikirudi kazini. Yeye ashika simu, mimi nasikiliza, mkono wangu ukishuka ateremsha kengele, ukipanda apandisha. Niliona jinsi alivyokuwa akiagana nazo. Kila aliposhusha kengele, kwake ilizimika kabisa, akabaki ananitazama mimi usoni kujua kama ng'ombe bado yupo. Tatizo mimi sijachunga. Sisi kwetu tuna minazi na kuku. Nikamuuliza kengele ya ng'ombe inasikikaje basi, nijue pa kusimamisha mkono. Akafikiri. "Kama sauti ya mtu umjuaye akiongea nyumba ya tatu. Maneno huyapati, lakini wajua ni yeye."

Hapo niliweza. Tukawashusha wote mpaka nyumba ya tatu.

Akautuma muziki kwa simu ya shemeji yake, mke wa kaka, amsikilizishe mumewe jioni mlangoni pa zizi. Siku zile za kungoja alikuwa habanduki na simu, aliishika mkononi ili aihisi ikitetemeka. Hakuuliza mtu tena umeona nini. Lori la ng'ombe lilipita, hakusimama, na nilipoona hivyo moyo uliniuma.

Jibu lilikuja wakati wa alasiri, wanawake wote tuko uani. Ujumbe wa sauti. Aliuweka sikioni, akauhamishia sikio la pili, akaubana kwa kiganja, uso wake wote umekunjamana kwa kusikiliza. Kisha akanipa.

Kwanza ni shemeji mtu, salamu nyingi, ananong'ona kama yuko karibu na mgonjwa. Kisha kengele zetu, za mbali, zinapita. Kisha pumzi. Kisha mwanamume akaongea. Sauti ilikuwa imekwaruza, imekaa sana bila kutumika. Alisema Kiduruma, na Kidigo changu na Kiduruma ni mtu na nduguye, nilimwelewa vizuri mno.

Jirani alikuwa ananitazama midomo. "KASEMA NINI?"

Nikasema kwa sauti ya kawaida, na bila shaka hakusikia. Nikasogea, nikasema tena. Hakusikia. Basi ikanibidi nisimame katikati ya ua, mbele ya watu na beseni zao, nimpigie mzee wa umri wa baba yangu ukelele usoni:

"KASEMA ZIMA! WAMEKUFA! UNAWAITIA NINI?"

Safari hii hakuna aliyejifanya anafua. Mama wa Kitui alifunika mdomo. Nilitaka ardhi inimeze, nikajilaumu kwa nini mimi, kwa nini hakumpa mwingine yeyote simu ile, mwingine angemwambia kaka amesema asante, na ingekuwa sadaka.

"Nani kasema?" Jirani akauliza. "Shemeji?"

"La. Kaka yako."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, wallahi."

Akanishika mabega. "Hebu rudia." Nikarudia. Akasema rudia tena, nikarudia, mpaka sauti ikanikauka na machozi yananitoka, na yeye machozi yanamtoka vilevile, lakini anacheka. Ilinichukua muda kumwelewa.

"Kaniuliza," alisema. "Umesikia? Kaniuliza swali. Mtu akikuuliza ataka jibu."

Nikamwambia basi mjibu, ongea hapa kwenye simu, nitamtumia sasa hivi. Akakataa. Jibu kwa kaka mkubwa halitumwi kwa simu, alisema. Tayari alikuwa anakunja kikoi.

"Utamwambia nini, Jirani?"

"Nitamwambia hao sikuwaita. Nilikuwa namwita yeye."

Akaondoka kesho yake na mfuko mmoja. Funguo alimwachia mama wa Kitui.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, kabla hatujapata habari ya maziko yake. Nilipata likizo, nikapanda gari la Kinango na kifurushi cha mahamri na tende. Mvua ilikuwa imenyesha huko, imechelewa, lakini imenyesha. Zizi lilisimama kamili, uzio wa miiba na mlango wake, na ndani majani mabichi yameota mpaka magotini, mahali ambapo kwato hazikuwahi kuyapa nafasi. Shemeji mtu alinipokea kwa shangwe. Akaniambia tangu Jirani aje, kaka mtu haachi kuongea. Kuanzia asubuhi. Ila sauti imekuwa ya chini sana, hata yeye mkewe humbidi ainame.

Walikuwa wameketi kwenye gogo mlangoni pa zizi, wazee wawili wanaofanana magoti. Nikawaamkia. Mkubwa akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Mdogo akanipigia kelele: "MWANANGU! UMEFIKA! HUYO, ANAONGEA!" Kisha akamgeukia tena kaka yake, macho kwenye midomo, akawa anaitikia kwa kichwa na kutabasamu.

Nikasogea nisikie. Kaka mtu alikuwa anaeleza jinsi walivyokufa. Alikuwa anawachukua mmoja mmoja, kwa zamu ile waliyokuwa wakiingia zizini, ila ameanza nyuma, kwa mvivu. Kila mmoja wapi alianguka, alilalia upande gani, alitazama wapi, alichukua muda gani. Aliyekuwa na mimba. Aliyejaribu kuinuka alipomsikia yeye akija. Na Jirani anaitikia, ndiyo, ndiyo, na mahali ambapo mtu angefunika uso yeye alicheka kidogo, kwa sababu mkono wa kaka ulitikisika, akadhani ni kichekesho. Kaka hakukasirika. Sijui kama alijua.

Nilimgusa Jirani bega, nikainama nimpazie sauti, maana hiyo ndiyo kazi aliyonipa. Akaniwahi, akanishika mkono.

"Usiniambie," alisema. "Mwache aongee."

"Lakini husikii."

"Hata neno." Na bado anatabasamu, anaitikia.

Basi nikavuta kigoda upande wa pili, karibu na kaka mtu, kwa kuwa maneno yale hayakustahili kupotea bila mtu wa kuyasikia, nikakaa naye mpaka akafika kwa yule kiongozi wa mbele.